Bata mzinga wa sikukuu na chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo ndugu, majirani na wadada wa kikoba wanauliza kila Desemba ikiingia, mengine nimeyaunganisha manake ni lile lile ila kila mtu kaliuliza kivyake. Majibu ni ya jikoni za Dar, yaani joto la Dar, friji ndogo iliyojaa, na umeme unaoondoka bila kuaga. Kama uko kwenye baridi na una friji mbili basi mengi humu yatakupita tu.

Hivi hii ya kumloweka bata mzinga kwenye maji ya chumvi inasaidia nini hasa, au ni mambo ya mtandaoni tu?

Inasaidia, ila sio kwa kila kitu. Bata mzinga shida yake ni kidari, kinene halafu hakina mafuta, kwahiyo mapaja yakishaiva vizuri kidari kimeshakauka unatafuna huku unaomba maji. Chumvi ikipewa muda inazama kwenye nyama na kuzilegeza protini za misuli, zikishalegea zinashika maji vizuri, na zikipata moto hazijikamui kama zingejikamua bila chumvi. La pili ni ladha, ukinyunyiza chumvi dakika ya mwisho inakaa kwenye ngozi tu, ukikata ndani nyama iko chapwa. Wamarekani wanafanya sana hii kwa Thanksgiving yao Alhamisi ya nne ya Novemba, Waingereza bata mzinga wao ni wa Krismasi, sisi tumeidaka huko na hamna ubaya.

Ila chumvi hailainishi nyama ya ndege mzee. Hilo ndo kosa naliona sana, mtu ana jogoo la bata mzinga limefugwa miaka huko Chanika halafu anategemea ndoo ya maji ya chumvi imfanyie kazi ya moto. Haitafanya.

Nimnunue wa kienyeji au yule wa friza wa supermarket? Na wote wanalowekwa sawa?

Hapa ndo pa kutulia, manake majibu mengine yote yanatokea hapa.

Wa friza, wale wanaotoka nje, wengi wameshachomwa sindano za maji ya chumvi kiwandani. Geuza mfuko usome vilivyomo, ukikuta baada ya nyama panafuata maji, chumvi na pengine fosfeti, basi huyo keshalowekwa, kazi imefanyika na umeilipia kwenye kilo. Huyo usimloweke tena kwenye maji ya chumvi, na ukimpaka chumvi kavu iwe kidogo sana, au mwachie tu pilipili manga, kitunguu saumu na siagi. Wanaolalamika kwamba "nimefuata vipimo vilevile lakini alikuwa chumvi tupu" ukiwauliza walinunua wapi, mara nyingi jibu ni hilo hilo la friza. Kama mfuko umeandika nyama peke yake, endelea kama kawaida.

Wa kienyeji, wa kununua hai Kisutu au kwa mfugaji wa Kibaha, Kigamboni na huko Bagamoyo, hana chumvi yoyote ndani, kwahiyo yeye anafaidika. Ila ametembea, amekimbizwa na mbwa, misuli yake imekaza, na umri wake anaujua mfugaji peke yake. Muulize kabisa, bosi huyu ana miezi mingapi? Chini ya mwaka anaweza kuingia oveni moja kwa moja baada ya chumvi. Mwenye umri mkubwa mpake chumvi kwa ajili ya ladha, halafu mchemshe taratibu na mfuniko juu mpaka alainike ndo umkaushe kwenye oveni au mkaa. Ile mishipa na ngozi za ndani zinazoshikilia nyama zinalainika kwa moto mdogo wa muda mrefu wenye unyevu, hazijali umeloweka siku ngapi.

Na jamani achinjwe siku moja au mbili kabla, sio asubuhi ya Krismasi. Ndege akishachinjwa misuli inakakamaa masaa kadhaa halafu inaachia, ukimpika katikati ya kukakamaa utamlaumu mfugaji bure. Mchinjaji amchinje, anyonyolewe, atolewe utumbo, aingie friji.

Maji au chumvi kavu? Niambie moja tu usinizungushe

Kavu.

Sababu sasa. Ya maji unahitaji chombo cha kumzamisha mzima, maji lita 5 au 6 kwa ndege wa kilo 5, na vyote hivyo vikae kwenye baridi ya nyuzi 4 kushuka chini usiku kucha. Nyumba ngapi Dar zina friji ya hivyo tarehe 24 Desemba, wakati kuna soda za wageni, nyama ya pilau, keki, na matikiti? Kavu unahitaji trei na nafasi ya rafu moja. Mwanzoni chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama, utaona ametoa jasho na kuna kamaji chini ya trei, usishtuke, yale maji yanaiyeyusha chumvi halafu mengi yanarudi ndani nayo. Tena ngozi inakauka, na ngozi kavu ndo inayokuja kuwa ya kukatika mdomoni. Ya maji ngozi inakunywa maji, kuipata imekauka ni kazi.

Aliyeisambaza sana hii ya kupaka chumvi mapema huko Marekani ni mpishi Judy Rodgers wa mgahawa wa Zuni Café, San Francisco, na yeye alikuwa anafanya kwa kuku. Sio siri ya ajabu.

Ya maji ina faida moja, nayo naikubali: kidari kinabaki na majimaji zaidi kidogo, kwahiyo ukisahau oveni dakika 15 kinakusamehe. Ila wengine wanasema hayo majimaji yanapunguza ladha ya nyama yenyewe, na mimi niko upande huo.

Vipimo basi tafadhali, na usiseme "kiasi"

Kavu: gramu 10 mpaka 12 za chumvi kwa kila kilo ya ndege. Wa kilo 5 ni kama vijiko 3 vya chakula vya chumvi laini, vya kusawazisha na kisu sio vya kilima. Sehemu kubwa weka kwenye kidari na mapaja, ingiza vidole chini ya ngozi ya kidari uipakaze kwenye nyama yenyewe, kidogo tumboni kwa ndani. Mgongo na mabawa hayahitaji nyingi. Akae friji siku moja mpaka tatu, siku mbili ndo pazuri, usiku wa mwisho mwache bila kumfunika ili ngozi ikauke. Kama friji ina dagaa au samaki watoe kwanza ama la Krismasi yenu itanukia soko la samaki la Feri.

Maji: gramu 60 kwa kila lita, masaa 12 mpaka 18 kwa ndege mzima wa kilo 5. Vipande kama kidari peke yake masaa 4 mpaka 6 yanatosha. Sukari nusu ya chumvi ukipenda, inasaidia rangi. Usichemshe maji yote, chemsha lita moja uyeyushie chumvi humo, halafu ongeza maji ya baridi na barafu. Ndege asiingie mpaka maji yawe baridi kabisa, sio vuguvugu.

Chumvi ipi? Ya mawe, ya Bagamoyo, ya pakiti?

Yoyote, bora upime kwa mzani. Ya pakiti yenye madini joto haina shida, ile hofu kwamba itatoa ladha ya dawa sijaona ikithibitika kwenye sahani. Shida ni vijiko. Kijiko cha chumvi laini kina kama gramu 17 au 18, kijiko hicho hicho cha chumvi ya chengachenga kinaweza kuwa na nusu yake tu, ndo maana mapishi ya Wamarekani yanawachanganya watu, wao chumvi yao ya jikoni ni nyepesi, wewe ukichukua vikombe vyao ukaweka chumvi yetu laini umeshamwaga mara mbili. Mzani wa jikoni upo maduka ya vifaa vya keki Kariakoo, na ukiwa huko huko chukua na kipimajoto cha nyama, nitakitaja mbele.

Nimlowekee kwenye nini? Nina sufuria kubwa la shughuli

La aluminiamu? Hapana. Chumvi nyingi kukaa usiku mzima kwenye aluminiamu inaila, na ukiongeza ndimu ndo kabisa, utakuta madoadoa na nyama ina ladha ya bati. Stilisi sawa, ndoo ya plastiki ya chakula sawa. Ndoo ya rangi, hata uioshe na sabuni ya aina gani, hata kama ndo hiyo mnatunzia maji bafuni, hapana.

Friji haitoshi, na umeme ukikata je?

Tumia deli, lile la kuwekea soda kwenye shughuli. Siku mbili kabla gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, nyingi, halafu ndege na maji yake ya chumvi ndani, chupa zilizoganda zimzunguke pande zote na juu. Chupa ni bora kuliko barafu ya kumwaga kwa sababu haiyeyukii kwenye maji yako ikapunguza chumvi. Kipimajoto kiwe kinaingia kila baada ya masaa machache, kikipita nyuzi 4 badilisha chupa. Deli likae ndani pa kivuli, sio barazani, Desemba hapa mchana ni nyuzi 31, 32.

Umeme ukikata na ndege yuko friji, usifungue mlango. Friji iliyofungwa inashikilia kama masaa 4, friza iliyojaa masaa 48 kama haifunguliwi, ya nusu 24. Zaidi ya hapo kwa friji, mhamishie kwenye deli na barafu.

Na lile swali la "aunty kwani chumvi si ndo inazuia kuoza, ng'onda mbona haiozi?" Mwanangu, ng'onda ni samaki aliyepigwa chumvi nyingi mno halafu akaanikwa juani mpaka maji yakaisha. Maji ya gramu 60 kwa lita ni chumvi ya ladha tu, Salmonella wanaogelea humo vizuri. Ndoo iliyolala sakafuni jikoni usiku kucha bila barafu usiikaribishe mezani, hata kama hainuki.

Wa friza anayeyushwa vipi? Watu wanamuweka tu kwenye sinki

Kwenye friji, siku moja kwa kila kilo 2 hivi. Kwahiyo wa kilo 5 mtoe friza tarehe 20 au 21, tarehe 23 jioni mpake chumvi kama ni wa kupakwa, tarehe 25 asubuhi yuko tayari. Ukichelewa mwache kwenye mfuko wake uliozibwa vizuri, mzamishe kwenye maji ya baridi, badilisha kila nusu saa, hesabu saa moja kwa kila kilo na kidogo juu. Maji ya bomba ya Dar sio ya baridi, weka barafu. Akiyeyushwa hivyo apikwe siku hiyo hiyo.

Naweza kuongeza ndimu, tangawizi, karafuu, papai bichi?

Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, karafuu, majani ya mchaichai, weka tu, ila usitegemee maajabu. Chumvi inazama ndani, harufu nyingi za viungo zinabaki juu juu. Ndo maana mimi viungo vya bei sivitupii kwenye ndoo ya maji yatakayomwagwa, navipaka na siagi chini ya ngozi.

Ndimu kidogo na masaa machache. Ikikaa usiku mzima nyama ya juu inakuwa nyeupe na ya ungaunga kabla hata haijaona moto.

Papai bichi lina papaini, inakata protini kweli na ndo maana mishikaki inalainika. Kwa ndege mzima halifai, linafanya kazi pale lilipogusa tu, nje panakuwa uji ndani hapajaguswa. Kama ni vipande vya bata mzinga mzee, sawa, nusu saa tu.

Maziwa ya mtindi je? Kuku safi sana. Bata mzinga mzima ni mtindi wa hela nyingi mno.

Nimuoshe?

Najua ukimwambia mtu wa hapa asioshe nyama anakuona mchafu. Ushauri wa wataalamu wa usalama wa chakula ni kutoosha ndege mbichi, kwa sababu maji yanaruka na kusambaza bakteria kwenye sinki, vyombo, kachumbari iliyo pembeni. Wa friza kweli hana cha kuoshwa, mkaushe na tishu za jikoni basi. Aliyetoka sokoni ana vimanyoya na damu, huyo muoshe kwenye beseni taratibu sio chini ya bomba lililofunguliwa lote, vyombo vyote viwe vimeondolewa, halafu sinki na beseni sabuni na jiki. Aliyelala kwenye maji ya chumvi mtoe, mkaushe vizuri, kama hukuzidisha gramu na masaa hakuna haja ya kumsuuza. Yale maji usiyatumie tena, na usimwage kwenye mchicha wako.

Amekolea chumvi, nifanyeje?

Kama hajapikwa, mloweke maji ya baridi yasiyo na chumvi nusu saa mpaka saa, kwenye baridi, chumvi itapungua kidogo. Kama keshapikwa, mchambue nyama, wali mweupe usio na chumvi kabisa, kachumbari yenye ndimu, na mchuzi wa nazi usiotiwa chumvi. Wageni hawatajua. Viazi kwenye mchuzi ati vinanyonya chumvi, havinyonyi kuliko mchuzi wenyewe ulivyo, bora uongeze nazi.

Sina oveni. Nina jiko la mkaa na la gesi plate mbili

Wengi wenu mko hapa na mnafanya vizuri kuliko wenye oveni. Usihangaike na ndege mzima. Mkate: mapaja, vidari, mabawa, mgongo uwe wa supu. Paka chumvi kwa gramu zile zile kwa kilo, usiku mmoja unatosha. Halafu mapaja yaanze, sufuria zito, maji kidogo, tangawizi na kitunguu, mfuniko, moto mdogo mpaka yalegee. Vidari usivichemshe muda huo wote, vinaingia mwishoni. Kisha vyote vipakwe siagi au mafuta na vipaliliwe, makaa machache chini mengi juu ya mfuniko, ile ile ya kuokea keki na mikate ya kumimina. Dada mmoja wa Tabata alifanya hivi kwa watu zaidi ya 20 na aliyeleta mzima wa oveni siku hiyo alirudi na nusu yake nyumbani.

Kuna bekari za mtaani zinakubali kukuokea ukipeleka na trei yako, ongea nao mapema, Krismasi foleni. Mpeleke kwenye deli, sio kwenye beseni juu ya bodaboda.

Nitajuaje ameiva?

Kipimajoto. Nyuzi 74 kwenye paja pale nene bila kugusa mfupa, na kidari katikati pia. Kwa oveni ya nyuzi 165 wa kilo 5 anachukua kama masaa mawili na nusu mpaka matatu, ila oveni nyingi za gesi hizi zinadanganya kwahiyo anza kupima mapema. Aliyelowekwa anaweza kubaki na kawekundu kidogo karibu na mfupa hata akiwa ameiva, ndo maana rangi peke yake haitoshi. Mwache apumzike dakika 20 mpaka 30 kabla ya kukata, wageni wapeni soda.

Kumkaanga mzima kwenye mafuta kama Wamarekani?

Ndege mwenye maji ndani, mafuta ya moto lita 10, jiko la gesi, watoto wanazunguka. Hapana. Kaanga vipande vilivyokaushwa.

Ile supu na mafuta ya trei naweza kupikia pilau?

Ndo raha yenyewe, ila onja kwanza. Mafuta ya trei ya ndege aliyepakwa chumvi tayari yana chumvi, kwahiyo pilau usiipe chumvi mpaka supu imeingia na umeonja. Kama ni wa kwenye ndoo ya maji, trei inakuwa kali zaidi, changanya na supu ya mgongo na shingo uliyochemsha bila chumvi. Filigisi na maini usiyapake chumvi pamoja na ndege, hayo ya mpishi.

Mama ana presha, ale au asile?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai hivi. Kipande cha gramu 200 cha nyama iliyopakwa kwa vipimo hivi kina kama gramu 2, na hapo hajala pilau, sambusa na soseji za asubuhi. Mtengee paja moja lisilopakwa chumvi, ulipike na ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, umpe bila kutangaza meza nzima. Kama daktari wake kamwekea kiwango, fuata cha daktari.

Bata mzinga bei imeshinda, hii inafaa kwa kuku?

Inafaa, na kwa kuku wa kisasa ndo utaona tofauti kubwa zaidi manake nyama yake laini lakini haina ladha. Kilo moja na nusu, kijiko kimoja cha chakula cha chumvi laini, paka jana yake usiku, acha wazi friji, kesho oveni au mkaa. Wawili wanalisha familia na wanaiva ndani ya saa na robo, huku jirani bado anachungulia kidari.

Mabaki yanakaa muda gani?

Kwa joto letu yasikae mezani zaidi ya saa moja au mbili, kwahiyo usisubiri mgeni wa mwisho aage. Toa nyama kwenye mifupa, weka friji kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, kula ndani ya siku 3 au 4, zingine gandisha. Mifupa ichemshe siku hiyo hiyo na ndizi mzuzu au viazi, na usitie chumvi.